Fedha za kuhesabu samaki zikikatwa, sheria ya vibua ishirini imekufa?

"Jambo Daktari. Mimi ni Mkongomani, nilikulia Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, na sasa tunaishi Portland, Maine, huu mwaka wa sita. Kila kiangazi nikitoka kazini nawachukua watoto tunakwenda gatini South Portland kuvua samaki wanaoitwa mackerel. Jirani yetu wa Mombasa anawaita vibua. Nililipa dola moja nikaandikishwa, na kuna sheria ya samaki ishirini kwa mtu kwa siku. Sasa nasikia serikali kuu inakata fedha za idara ya bahari na kufukuza wataalamu. Gatini mmoja anasema sheria ya ishirini imekufa maana hakuna tena wa kuhesabu, mwingine anasema mwisho wake watatufungia kabisa. Mimi naona samaki ni wengi: nashusha ndoana sita, zinapanda na samaki sita. Je, dola yangu ilikwenda wapi? Na mimi ninayevua chakula cha nyumbani tu, haya yananihusu? Tena ilikuja barua yenye maswali ya uvuvi na dola mbili ndani. Nilidhani ni matapeli, nikaitupa."

Jambo nawe, ndugu yangu. Nianze na la haraka usije ukapigwa faini Jumamosi hii: sheria ya vibua ishirini iko hai. Imo katika kanuni tangu 2023, haikufungwa na bajeti ya mwaka fulani, na itakaa hapo mpaka walioiweka waiondoe kwa utaratibu. Anayekuja kuchungulia ndoo yako ni askari wa doria ya bahari wa jimbo la Maine, mwajiriwa wa jimbo, si wa Washington. Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza amekosea. Wa pili hajapatia sawasawa, lakini yuko karibu zaidi na ukweli, na nitakaa sana hapo kwa sababu watu wengi hudhani kinyume chake.

Kwanza dola yako. Ni ada ya kuingiza jina lako kwenye daftari. Sheria kuu ya uvuvi wa baharini ya Marekani, iitwayo Magnuson-Stevens, ni ya 1976. Iliporekebishwa mwishoni mwa 2006 iliagiza liwepo daftari la wavuvi wa burudani ili watafiti wajue wa kumuuliza, na majimbo yakaruhusiwa kuweka daftari lao badala ya lile la taifa. Maine ikaweka lake. Unachokitoa kikubwa hukioni: ukinunua fimbo ya kuvulia, ndoana au chambo cha bandia, ndani ya bei mna kodi ya serikali kuu, asilimia 10 kwa vifaa vingi, ambayo kiwanda au mwagizaji amekwisha kuilipa. Fedha hizo zilielekezwa kwenye uvuvi kwa sheria ya 1950, na mwaka 1984 sehemu ya kodi ya mafuta ya boti ikaongezwa humo. Zinarudi majimboni kwa kuangalia ukubwa wa jimbo na idadi ya wenye leseni, nayo majimbo hujengea sehemu za kushushia boti, hupandikizia samaki maziwani, hufanyia utafiti wao. Mfuko huo una sheria yake, na sio huo unaosikia habari zake.

Unaosikia habari zake ni wa NOAA, idara ya serikali kuu ya bahari na hali ya hewa, ambayo ndani yake mna tawi la uvuvi. Hiyo hulishwa kutoka hazina kuu, kwa kura ya Bunge, mwaka hadi mwaka. Ndiyo yenye dhamana ya bahari kuanzia maji ya jimbo yanapoishia, kwa Maine ni maili 3 za baharini, hadi maili 200. Kibua unayemtoa gatini ameuvuka mpaka huo mara nyingi kuliko wewe ulivyovuka daraja la kwenda Portland.

Sasa kilichotokea. Mwishoni mwa Februari 2025 mamia ya watumishi wa NOAA waliokuwa katika kipindi cha majaribio waliachishwa kazi kwa mpigo. Mahakama ikaingilia, wakarudishwa kwenye orodha ya mishahara, Aprili wakaondolewa tena. Wengine, wakiwemo wakongwe, walichukua malipo ya kuondoka kwa hiari. Kisha Ikulu ikapendekeza kwa mwaka wa fedha 2026 NOAA ipunguziwe zaidi ya robo ya fedha zake. Hapo ndipo maneno ya gatini yanapochanganyika, kwa sababu pendekezo la Rais si bajeti. Mwenye kutoa fedha ni Bunge, na kiangazi cha 2025 kamati za Baraza la Wawakilishi na za Seneti zote mbili ziliandika kiasi kikubwa kuliko alichoomba. Kwa hiyo anayesema "wamekata robo" amelichukua ombi akalifanya hukumu. Anayesema hakuna kilichopotea naye amekosea, maana mtu akishaondoka ameondoka. Fedha hurudi kwa kura moja. Aliyesoma umri wa samaki kwa miaka ishirini akaenda kufanya kazi kwingine, huyo harudi kwa kura.

Kusoma umri wa samaki ni kazi gani? Nyuma ya ubongo wa kibua, kila upande, kuna kijiwe cheupe cha sikio, kidogo kuliko punje ya mchele. Unakitoa kwa kikoleo chembamba, unakisafisha, unakiweka chini ya darubini. Utaona pete zikizungukana, moja pana ya wakati aliokuwa akila na kukua, moja nyembamba ya majira ya baridi, kama pete za gogo. Unahesabu. Inaonekana kazi ya mtoto. Wiki zangu za kwanza kazini nilikuwa nikisema miaka mitatu, mwalimu wangu anatazama mara moja na kusema minne, na alikuwa sahihi, kwa sababu pete za pembeni hubanana na jicho lisilozoea huziruka. Ukiruka mwaka mmoja kwa samaki mmoja si kitu. Ukiruka kwa maelfu, unaamini kwamba samaki wanakufa mapema kuliko wanavyokufa, na hesabu yote ya bahari inapinda.

Kwa vibua kuna shida ya ziada. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, na meli ikipiga mlio chini ya maji, mwangwi hurudi kutoka kwenye hewa hiyo, ukaweza kukadiria kundi. Kibua wa Atlantiki hana kibofu. Ndiyo maana hatulii, akiacha kuogelea anazama. Na ndiyo maana mwangwi wake ni hafifu. Basi wataalamu hutafuta mayai yake. Meli huvuta nyavu mbili pacha zilizofungwa sambamba, zinazoitwa nyavu za bongo kwa kufanana na zile ngoma ndogo mbili za Kuba (Watanzania msifurahi, hazihusiani nasi). Maji yanapita, mayai yanabaki. Ukijua maji kiasi gani yamepita, mayai mangapi yamepatikana, na jike mmoja hutaga mangapi, unarudi nyuma mpaka kwenye idadi ya mama. Wakanada hufanya hivyo katika Ghuba ya St. Lawrence, wanakozaliana vibua wa kundi la kaskazini. Upande wa Marekani, kwa kundi la kusini, kazi ni ya kituo cha utafiti cha kaskazini mashariki chenye makao Woods Hole, Massachusetts. Hicho ndicho kituo ambacho kimekuwa kikivuta wavu wa utafiti kila majira ya vuli tangu 1963, na kila majira ya kuchipua tangu 1968.

Thamani ya kazi hiyo imo katika neno "kila". Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO ulipoingia, safari ya kuchipua ilikatizwa njiani na ya vuli haikufanyika kabisa. Hakuna anayeweza kurudi leo akawahesabu samaki wa 2020. Pengo lile litabaki kwenye kila mchoro utakaochorwa mpaka wajukuu. Kwa hiyo ninapoona meli inakosa mafuta au wahudumu, sioni mwaka mmoja tu uliopotea. Naona uzi uliokatika katikati.

Lakini unasema samaki ni wengi, umewaona kwa macho yako. Nakuamini. Naomba nawe unikumbukie Uvira usiku usio na mwezi, mitumbwi imewasha karabai, ndagala wamekusanyika chini ya mwanga. Chini ya taa ndagala walikuwa hawahesabiki. Je, ziwa lilikuwa limejaa vile? Samaki wa kundi hukaa kundi hata wakibaki wachache. Wakipungua nusu, kundi huwa moja badala ya mawili, na aliyefika penye kundi hilo atajaza ndoo ile ile. Ndoana zako sita zitaendelea kupanda na samaki sita mpaka karibu na mwisho, kisha siku moja zipande tupu. Gatini pako unawaona waliokuja kwako. Wasiokuja huwezi kuwaona, na hao ndio hesabu inawatafuta. Tathmini ya vibua iliyokamilika mwishoni mwa 2017 ilikuta wamevuliwa kupita kiasi na wamebaki wachache mno. Waliokuwa wakivuliwa sana miaka ile walikuwa kizazi kimoja kikubwa, cha 2015, ambacho kilionekana wazi kwenye vijiwe vya masikio. Kizazi kikubwa cha kabla yake kilikuwa cha 1999. Mvuvi aliyekutana na kizazi cha 2015 angeapa bahari imefurika.

Sasa lile la rafiki yako wa pili. Sheria ya Marekani inadai karibu kila samaki anayesimamiwa na serikali kuu awe na kiwango cha mwaka kisichopitwa. Wanasayansi hukadiria kwanza ni tani ngapi zikivuliwa zitaanza kuwadhuru. Kisha wanashuka kutoka hapo kwa kadiri ya mashaka yao. Tuseme wamekadiria tani 10,000. Kama wana data ya kila mwaka na vijiwe vimesomwa, watasema chukueni 9,000. Kama data ina mashimo, makadirio yatabaki yale yale lakini watasema chukueni 6,000, maana huenda ukweli ni 7,000. Tani 3,000 zilizopotea hapo hazikuliwa na mtu. Zimeliwa na kutojua. Hivyo ndivyo kukata fedha za kuhesabu kunavyoweza kukufikia wewe: askari wanabaki, fungu linapungua. Ishirini inaweza kuwa kumi bila kibua hata mmoja kufa zaidi.

Na kinyume chake kimekwisha kuonekana. Katika Ghuba la Mexico kuna samaki wekundu wa jamii ya changu, red snapper, ambao wavuvi wa burudani waliwapigia kelele miaka mingi. Mwaka 2017 msimu wa wenye boti binafsi katika maji ya serikali kuu ulitangazwa kuwa wa siku tatu, ndipo Wizara ya Biashara ikauongeza siku 39. Bunge lilikuwa limetoa dola milioni 10 mwaka 2016 wahesabiwe upya kwa njia huru. Matokeo ya 2021 yalitoa zaidi ya milioni 110, kama mara tatu ya makadirio ya awali. Haikumaanisha kila mtu avue mara tatu, kwa kuwa wengi wao walikutwa wametawanyika kwenye sakafu ya bahari isiyo na miamba, mbali na wanapovuliwa. Lakini wavuvi walipata kitu ambacho kelele peke yake isingewapa.

Ambaye hana uwezo wa kuhesabu kwa undani hubaki na kufuli. Wewe mtu wa Tanganyika unalijua hilo: nchi nne za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, na 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Simlaumu aliyefunga, penye meli chache na vijiji vingi kufunga ndiyo njia inayowezekana. Ila kufuli halichagui. Linamfunga mwenye mtumbwi mmoja pamoja na mwenye nyavu kumi. Na huku Atlantiki nako, Kanada ilifunga uvuvi wa vibua wa biashara na wa chambo Machi 2022. Kwa hiyo kufungiwa si ndoto ya rafiki yako. Simwambii kwamba kunakuja. Namwambia kunawezekana, na kunakuwa rahisi zaidi watu wakifanya kazi gizani.

Hatari inaweza pia kwenda upande mwingine. Mwanzoni mwa 2025 amri ya kusimamisha kanuni mpya ilichelewesha kufungwa kwa uvuvi wa jodari wakubwa nje ya North Carolina, na fungu lao likapitwa. Hapo waliovua zaidi walifurahi wiki chache. Nani atakatwa kulipia ziada hiyo? Aghalabu si wale waliofurahi.

Je, yanakuhusu wewe wa ndoo moja? Ndiyo, kuliko zamani. Biashara ya vibua ilivyobanwa, sehemu ya wavuvi wa mshipi katika jumla ya wanaovuliwa ikawa kubwa, ndiyo maana 2023 mkawekewa kikomo kwa mara ya kwanza. Na ninyi ndio wagumu kuhesabika. Meli ya biashara hushusha mzigo bandarini, ukapimwa. Wewe unaondoka na ndoo kwenye buti la gari. Ukikutana gatini na kijana mwenye ubao wa kupimia anayekuuliza umevua saa ngapi na umepata nini, huyo hajaja kukukamata. Katika pwani ya Atlantiki kazi hiyo hufanywa na majimbo tangu 2016, kwa msaada wa fedha za serikali kuu, na akikosekana yeye, wewe unageuka kuwa makisio.

Nisikufiche kwamba makisio hayo yana kasoro zake. Sehemu ya pili ya hesabu ni barua inayotumwa majumbani kuuliza watu wamekwenda kuvua mara ngapi, utaratibu ulioshika nafasi ya simu mwaka 2018. Mwaka 2023 NOAA yenyewe ilitangaza kwamba mpangilio wa maswali huenda uliwafanya watu wataje safari nyingi kuliko walizokwenda, kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 40 kwa wavuvi wa ufukweni na wa boti binafsi. Wapo wanaolichukua kosa hilo kuwa sababu ya kufuta hesabu yote. Mimi naliona tofauti: ilihitaji watu na fedha kuligundua. Kosa lisilotafutwa linaendelea kutumika.

Utafanyaje, basi? Endelea kuvua. Sikushauri uache, watoto wanajifunza na chakula ni kizuri. Ishirini ni kwa kila aliyeshika mshipi, si kwa kila aliyekuja gatini, mtoto wa kwenye kigari hana fungu. Mwanzoni mwa kila msimu angalia kanuni za idara ya bahari ya Maine upya, usitegemee karatasi ya mwaka jana. Ukitaka kusema neno, ujue kwamba vibua wako chini ya Baraza la Mid-Atlantic, chombo cha kupanga kanuni za uvuvi cha majimbo kuanzia New York hadi North Carolina, na Maine haina kiti chake humo. Ndivyo mgawanyo ulivyo. Lakini mikutano yao iko wazi na maoni ya maandishi hupokelewa kutoka kwa yeyote, na wanaoandika kutoka magatini ni wachache mno kuliko wenye meli. Kwa upande wa fedha, mbunge wako na maseneta wawili wa Maine ndio wenye kura, na ofisi zao hupokea simu hata za wasio raia.

Mambo mawili usiyamalize kwa kusoma majibu yangu. Kwanza, dola moja haikupi ruhusa ya kuuza. Ukimpa jirani vibua ni ukarimu, akikulipa unahitaji leseni ya biashara, na hapo nenda ofisi ya idara ukaulize ana kwa ana, mchukue mkalimani kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua. Pili, ukiandikiwa tiketi na kesi yako ya uhamiaji haijakwisha, usilipe haraka ili yaishe. Baadhi ya makosa ya bahari yanaweza kuwa ya jinai, na kulipa kunaweza kuhesabiwa kuwa umekiri. Mwonyeshe kwanza wakili wa uhamiaji ile karatasi yenyewe, si picha ya kusimuliwa.

Na ile barua uliyoitupa haikuwa ya matapeli. Hutumwa kwa anwani zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, na zile dola mbili ni za kukushawishi uifungue. Haiombi namba ya benki wala hali yako ya uhamiaji. Ikiomba, hiyo ndiyo ya matapeli. Ikija nyingine ijaze, hata kama miezi hiyo hukwenda gatini kabisa: andika sifuri, uirudishe. Dola mbili kaa nazo, ni zako.